Shutuma ya Mahadhi ya Kuazima

Wimbo wa Kikuyu ukiimbwa kwa mahadhi yaliyotoka Marekani au Scotland, hukumu yake hapa Nanyuki huwa tayari kabla mpiga gita hajamaliza ubeti wa pili: huo si wimbo, ni kuiga. Hukumu hiyo ina mahakama mbili zisizosalimiana. Ya kwanza ni ya wapenzi wa utamaduni. Hao wanasema kwamba mwimbaji wa mugithi, muziki wa gita wa baani, anayechukua wimbo wa kantri, wa Jim Reeves au Kenny Rogers, akautilia maneno ya Kikuyu, amekiri mbele ya watu kwamba babu zake hawakuwa na sauti ya kumwachia. Ya pili ni ya waumini. Wao wanasema kwamba mwimbaji huyohuyo, anapozichukua tenzi za Jumapili na kuzipiga baa usiku wa Jumamosi, ameburura kitakatifu matopeni. Mahakama moja inamshtaki kwa kuchukua cha Mzungu, nyingine kwa kuchukua cha Mungu. Zingekutana zingegombana, lakini zimesimama juu ya jiwe moja, nalo ni imani kwamba mahadhi yana mwenyewe, na kwamba mwenyewe huyo ni yule aliyetangulia kuyatilia maneno. Jiwe hilo halikai sawa, na anayetaka kuona linavyoyumba hahitaji kwenda mbali na Mlima Kenya huu.

Kiswahili chenyewe kimeshalijibu nusu ya suala. Lugha hii ina neno mashairi na ina neno mahadhi, na haijawahi kuvichanganya viwili hivyo. Mtunzi wa pwani hupimwa kwa vina, mizani na uzito wa fumbo. Mahadhi ni jambo jingine, huweza kutoka kwake, kwa fundi wa udi, au kwa watu wasiojulikana wa zamani. Shairi moja huimbwa kwa mahadhi matatu, na mahadhi mamoja hubeba mashairi mia. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijenga sehemu kubwa ya sifa yake kwa kuimba mashairi ya Kiswahili, mengine yakiwa ya jamaa yake Ahmad Nassir, kwa mahadhi ya filamu za Kihindi. Sifa hiyo haikumfanya Mhindi. Waliomsikiliza kwenye harusi za Mombasa na Lamu walibishana kuhusu maneno: nani amepigwa kijembe, fumbo limefumbwa vipi, kina kimekaa au kimelazimishwa. Hata hilo neno tenzi ambalo Mprotestanti wa Nyeri analitumia kwa nyimbo zake za kanisani, kwa sababu ya kitabu cha Tenzi za Rohoni, liliazimwa kutoka kwa masheikh wa pwani walioandika tenzi za maisha ya Mtume. Tunaimba mahadhi ya Waingereza na Wamarekani kwa jina la utanzu wa Kiislamu, na ibada inaendelea bila mtu kushtuka.

Lakini ushahidi mzito hauko Mombasa. Uko Karatina, mwendo mfupi kwa matatu kutoka hapa. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu karibu na mji huo, ambako Waskoti walikuwa wameweka misheni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu. Kabla ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952 alikuwa amechapisha vijitabu vya nyimbo za kisiasa, na usiku wa tangazo hilo alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Nyimbo za aina hiyo, zile ambazo baadaye mwanahistoria Maina wa Kinyatti alizikusanya na kuzitoa mwaka 1980, ziliimbwa kwa sehemu kubwa kwa mahadhi ya kanisani. Maneno yalidai ardhi, yalitaja mashujaa, yaliwakumbusha watu kiapo. Sauti iliyoyabeba ilikuwa ileile waliyofundishwa na mwalimu wa misheni darasani. Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyekijua Kikuyu tangu utotoni, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu Mau Mau kwamba hapo ndipo palipokuwa na hila: Mzungu asiyejua lugha angeweza kupita karibu na mkutano, akasikia mahadhi anayoyajua, akaenda zake akidhani watu wanasali. Leakey alikerwa, kama ambavyo mtu wa upande wake angekerwa. Sisi tunaosoma leo tuna haki ya kustaajabu jinsi kazi ile ilivyokuwa imefikiriwa.

Tazama waliotangulia, utaelewa kwa nini mahadhi yale yalichaguliwa. Mwaka 1929, misheni zilipopiga marufuku tohara ya wasichana na kuwataka waumini wale kiapo cha kuikana, vijana walijibu kwa Muthirigu, wimbo wa ngoma wenye kejeli kali dhidi ya wamisionari na machifu. Mwaka 1930 serikali iliupiga marufuku. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu Muthirigu ulikuwa na umbo lake. Askari wa chifu aliutambua kwa mbali, hata asiposikia neno. Miaka ishirini na ushei baadaye watunzi walikuwa wameshajifunza. Vijitabu viliweza kupigwa marufuku, na vilipigwa, lakini mahadhi ya kanisani hayangepigika marufuku bila kufunga makanisa yenyewe. Zaidi ya hapo, wimbo ambao watu elfu wanaujua sauti yake hauhitaji mwalimu. Maneno mapya yalihitaji jioni moja tu kufika vinywani, kwa wanaojua kusoma na wasiojua. Na kulikuwa na jambo la tatu, zito kuliko hila na urahisi: mahadhi yale yalikuwa yameshabeba habari za Waisraeli, Misri, utumwa na nchi ya ahadi. Mtunzi aliyeyatilia maneno kuhusu mashamba ya Laikipia na Nyeri alikuwa anazitumia habari hizo bila kuzitaja. Msikilizaji alisikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na ya pili ikiijibu ya kwanza. Atakayesema kwamba watu wale walikuwa wakiiga Scotland anieleze Mskoti gani aliyewahi kuzifanyia tenzi zake kazi hiyo.

Wapenzi wa utamaduni hujibu kwamba vita ni vita, na kwamba dharura haifai kuwa mazoea. Basi tuache vita, tutazame mwomboko. Leo mgeni mkubwa akija Murang'a au Nyeri, wazee kwa mabibi hupanga safu, kodiani huvutwa, pete ya chuma hugongwa, na mtangazaji husema kwamba hii ndiyo ngoma ya asili ya Agikuyu. Kodiani ni chombo cha Ulaya. Hatua za mwomboko, mwanamume na mwanamke wakishikana na kwenda mbili mbele na kuinama, zilikua katika miaka ya kati ya ukoloni kutokana na waltz na dansi za Kiskoti, na wachezaji wake wa kwanza walishukiwa na wazee wa wakati huo kwa tuhuma zilezile anazotupiwa mpiga mugithi sasa. Hakuna aliyezifuta tuhuma zile mahakamani. Zilizeeka tu. Kinachoitwa asili, mara nyingi, ni mkopo ambao waliouona ukichukuliwa wameshazikwa. Mugithi nao unaelekea huko. Jina lake ni gari moshi kwa Kikuyu, na wachezaji hushikana mabega wakajipanga mabehewa; reli iliyofika Nanyuki mwaka 1930 ililetwa kwa ajili ya masetla na mazao yao, lakini hakuna anayewalaumu wachezaji kwa kuiga usafiri wa Mzungu.

Kuna shutuma ya uvivu pia. Hii husemwa na watu ambao, nadhani, hawajawahi kujaribu. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja; mstari wa noti nane unaweza kubeba maneno manane. Kikuyu na Kiswahili ni lugha za Kibantu, maneno yake ni marefu na kila silabi inadai noti yake. Mwingereza humwambia mpenzi wake kwamba anampenda kwa noti tatu, Mswahili anahitaji nne hata akifupisha, na noti nane zikiisha huwa amesema maneno mawili, pengine matatu. Maana yake ni kwamba anayehamisha wimbo hana nafasi ya kuuhamisha. Theluthi mbili za maneno ya awali lazima zianguke njiani, na kilichobaki lazima kiundwe upya ili kisimame peke yake. Ndiyo sababu nyimbo za kantri zikipita kwenye gita la mugithi huwa hazizungumzii tena kile zilichozungumzia kwao. Farasi anakuwa ng'ombe wa maziwa, barabara ya Texas inakuwa ya kwenda Nyahururu, na mwanamume aliyeachwa na mke huanza kumtaja mama mkwe, ambaye katika wimbo wa mwanzo hakuwapo kabisa.

Hoja moja ya wapinzani ina nguvu, na haifai kuipita mbiombio. Kikuyu ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kubadilika maana, na mahadhi ya Ulaya yalitungwa bila kujali hilo. Wamisionari walipotafsiri tenzi waliyalazimisha maneno yapande pale ambapo ulimi hushuka, na vizazi vimekua vikiimba katika Nyimbo cia Kuinira Ngai mistari ambayo, ikisemwa kwa sauti hiyo sokoni, ingechekesha. Wakosoaji huweka kando ya hayo gicandi, lile shairi la mafumbo lililoimbwa na watu wawili wakishindana, kila mmoja na kibuyu chake kilichochorwa alama, ambamo sauti ilitembea na toni za maneno kama mtu na kivuli chake. Padri Vittorio Merlo Pick aliyaandika yaliyobaki ya sanaa hiyo na kuyatoa mwaka 1973, wakati mafundi wake walikuwa wamebaki wachache. Je, mahadhi ya kuazima hayakuua gicandi?

Hayakuiua. Gicandi ilihitaji fundi na mwanafunzi, safari za sokoni, na hadhira iliyokuwa na siku nzima ya kusikiliza. Misheni zilizowakataza waongofu kwenda ngomani, shule iliyowachukua vijana, na baadaye vijiji vya Hali ya Hatari vilivyozungushiwa handaki na amri ya kutotoka nje, ndivyo vilivyoivunja jumuiya hiyo. Kama tenzi zisingekuwapo, gicandi ingekufa vilevile, na kungebaki kimya. Kuhusu toni, nakubali kwamba tafsiri nyingi za misheni ni mbovu kwa sikio, lakini ubovu huo unaikandamiza hoja ya wapinzani kuliko yangu. Mtafsiri wa misheni alifungwa pande zote mbili: mahadhi hayakubadilika na maana haikubadilika, kwa hiyo Kikuyu ndicho kilicholazimika kupinda. Mtunzi anayetilia maneno yake mwenyewe amefunguliwa upande mmoja. Anaweza kuchagua neno ambalo toni yake inakubaliana na pale wimbo unapopanda, na lisipokubali analitupa na kutafuta jingine. Gita pekee humsaidia zaidi, kwa kuwa hakuna kwaya ya kufuatana nayo; sauti huinama kidogo, noti huvutwa, na lugha hupata njia yake. Anayeumizwa na toni zilizopotoka aanze na kitabu cha nyimbo cha kanisa, si na baa.

Hofu nyingine ni kwamba anayezoea kuazima hatatunga tena. Hapa mfano wa Uturuki unafaa, kwa sababu kule jambo hili lilifanywa waziwazi na likapewa jina. Mwaka 1934 serikali ya Uturuki iliondoa muziki wa jadi wa Kituruki redioni ili watu wafundishwe wa Ulaya. Katazo lilidumu hadi 1936, na wasikilizaji wengi wakageuzia redio zao Cairo. Amri haikuwapa wimbo. Kilichowapa ni aranjman, mtindo ulioanza kushika mwaka 1961 pale Fecri Ebcioğlu alipoandika maneno ya Kituruki kwa mahadhi ya wimbo wa Bob Azzam, nao İlham Gencer akauimba. Kwa miaka zaidi ya kumi, mahadhi ya Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza yalivikwa Kituruki. Mwimbaji Ajda Pekkan aliimba kwa Kituruki wimbo wa Kiitaliano uliovumishwa na Mina, na baadaye ule wa Gloria Gaynor wa mwanamke aliyeachwa na asianguke. Wakosoaji wa Istanbul walisema yaleyale yanayosemwa Nanyuki. Kilichofuata si ukame wa utunzi. Waandishi wa maneno walikuwa wamejifunza jinsi Kituruki cha mitaani kinavyokaa ndani ya wimbo wa dakika tatu, na waliokuja baada yao walianza kutunga mahadhi yao wenyewe. Mwaka 1997 Tarkan aliimba Şımarık, uliotungwa na Sezen Aksu, na mwaka 2002 Holly Valance wa Australia akauimba kwa maneno ya Kiingereza ukapanda hadi nambari moja Uingereza. Sijasikia mtu wa London akilia kwamba Waingereza wamepoteza sauti ya babu zao.

Mtu atasema ninaficha suala la mali. Silifichi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda muziki kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na anayerekodi wimbo ambao bado unalindwa, kwa maneno mapya au yaleyale, anapaswa kuomba ruhusa na kulipa. Tenzi nyingi za karne ya 19 zimeshatoka kwenye ulinzi huo. Nyimbo nyingi za kantri bado zimo. Anayeuza kanda au kuvuna fedha mtandaoni kwa wimbo wa mtu mwingine bila kumtaja amekosa, na sina utetezi kwake. Lakini hilo ni deni, na deni hulipwa kwa fedha na kwa kutaja jina. Halithibitishi kwamba maneno aliyoyaandika si yake. Wanaotaka kujua wizi wa kweli unafananaje wamkumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 na kulipwa shilingi kumi, akafa maskini mwaka 1962 wakati wimbo wake, kwa jina jingine, ulikuwa umeshazunguka dunia. Familia yake ilipata suluhu mwaka 2006. Kosa lililofanyika pale halikuwa kuimba mahadhi ya Mzulu kwa Kiingereza. Mzulu alifutwa, ndilo kosa. Kumweka mpiga gita wa baa ya Nanyuki, anayelipwa kwa usiku na bakshishi, kwenye kizimba kimoja na kampuni zilizovuna kwa Linda ni kukosa kipimo.

Nimebakiza mahakama ya waumini, ambayo naiheshimu zaidi kwa sababu inaumia kweli. Mtu aliyezikiwa mamaye kwa wimbo fulani, akiusikia baada ya wiki moja baani ukiwa na maneno ya matusi, ana haki ya kukasirika. Akasirikie matusi. Asiseme kwamba mahadhi yameibwa madhabahuni, maana huenda madhabahu iliyaazima kwingine. Mwaka 1601 Hans Leo Hassler wa Ujerumani alitunga wimbo wa kijana aliyechanganyikiwa kwa kumpenda msichana. Baadaye mahadhi hayo yalipewa maneno ya ibada, na Bach akayaweka katika muziki wake wa mateso ya Yesu. Leo ni miongoni mwa sauti takatifu kuliko zote kwa Wakristo wa Magharibi, nayo ilianza kama malalamiko ya mapenzi. Wimbo wa kale wa Kiingereza wa Greensleeves ulikuwa wa mwanamke na nguo zake kabla ya kuwa wa Krismasi katika karne ya 19. Kanisa lilipochukua kutoka kwa wapenzi liliita hilo uongofu. Mugithi ukirudisha, tunaita kufuru. Mwimbaji wa Kikuyu Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, aliliwakilisha jambo hili katika maisha ya mtu mmoja: baada ya miongo ya nyimbo za mapenzi, maonyo na siasa aliingia kwenye injili miaka ya 1990, na hakulazimika kutafuta koo jipya.

Na kuna wimbo mmoja ambao mahakama zote mbili huuimba bila pingamizi. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki, akiwamo Graham Hyslop, Washington Omondi, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na George Senoga-Zake, ilipewa kazi ya kuipa Kenya wimbo wa taifa. Haikutunga mahadhi mapya. Ilichukua ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kwenye kingo za mto Tana, huwabembelezea watoto wachanga, ikayapanga kwa sauti za Ulaya, ikayatilia dua kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Maji ya Sagana yanatoka mlimani hapa, yanapita karibu na Karatina na kuteremka hadi kwa Wapokomo. Mahadhi yalipanda upande wa pili. Shule za Nanyuki zinapopandisha bendera, watoto wa Kikuyu, wa Kimeru, wa Kisamburu na wa Kiturkana wanaimba sauti ya kumlaza mtoto wa Kipokomo kwa maneno ambayo mama huyo hakuyajua. Ukipigwa kwenye mkutano wa hadhara, mkosoaji wa mugithi naye husimama wima, mikono ubavuni, kama wenzake.